Mayai Yaliyobaki Kiotani

Maboksi ya vifaranga hufika stendi ya Singida na mabasi. Ni maboksi ya karatasi ngumu yaliyotobolewa matundu ubavuni, kila moja lina vifaranga mia, na mlio wao husikika kabla utingo hajafungua buti. Wengine wametoka Dar es Salaam, wengine Iringa. Wenyewe hupigiwa simu, huja na bodaboda, hufunua kifuniko kuhesabu waliokufa njiani, kisha huondoka mbio kwa sababu mkaa umeshawashwa nyumbani. Ni biashara halali na wako watu iliyowasomeshea watoto. Lakini mimi nikiyaona maboksi yale hupatwa na huzuni, maana naijua barabara ile ilikuwa ikibeba nini. Kuku ndio waliotoka Singida kwenda Dar. Walipakiwa kwenye matenga, matenga yakafungwa juu ya mabasi na malori, wakashushwa Kisutu na masoko mengine ya jiji, ambako mteja aliulizia kuku wa Singida kwa jina. Bado wanakwenda hadi leo. Ila kifaranga wa siku moja sasa tunamwagiza kutoka kulekule tulikokuwa tukipeleka kuku.

Kifaranga huyo anaimudu safari kwa sababu moja. Katika siku za mwisho kabla hajatoka kwenye ganda, kiini kilichosalia huvutwa kikaingia tumboni mwake, na akiba hiyo humtosha siku mbili hata tatu bila punje wala tone la maji. Maumbile hayakuiweka akiba ile kwa ajili ya basi. Iliwekwa ili kifaranga wa kwanza amsubiri wa mwisho, wote wakiwa chini ya mama mmoja, kwa kuwa kuku akiinuka mapema kumtafutia chakula aliyetangulia, walio ndani ya maganda watapoa na kufa. Muda ule wa kusubiriana ndio tunaousafirisha sasa kilomita mamia.

Mimi nililelewa na bibi huko Iramba, katika tembe, nyumba ya udongo hadi paani, ambamo watu na kuku walilala chini ya paa moja. Kuku wakitaka kutaga walijichagulia mahali: nyuma ya kihenge cha mtama, chini ya kitanda cha kamba, au kwenye kapu kuukuu lililosahauliwa juu ya dari ya jikoni. Bibi aliwaacha watage watakapo, lakini mahali pa kulalia alipachagua yeye. Alikuwa na vyungu vilivyopasuka ambavyo havikufaa tena kwa maji wala kupikia. Alivijaza udongo laini mpaka nusu, akaufinyangia shimo la kina kifupi katikati ili mayai yasibingirike, akanyunyiza majivu ya jikoni kwa ajili ya utitiri, akatandika nyasi kavu na majani machache ya mwarobaini. Chungu kiliwekwa kwenye kona yenye giza, mbali na mlango, mbali na njia ya mbuzi.

Kuku aliyekuwa tayari alijulikana. Aliacha kutaga, akabaki kiotani usiku wakati wenzake wamepanda juu kulala, na ukimsogezea mkono alijitutumua manyoya, akatoa mlio mzito wa kukoromea, akadonoa. Bibi alimgeuza taratibu akamtazama kifuani. Kama manyoya ya kifua yalikuwa yamenyonyoka na ngozi iko wazi, yenye joto, alitikisa kichwa kukubali. Ngozi ile tupu ndiyo inayogusa mayai, na damu huijia kwa wingi wakati wa kulalia. Hata hivyo hakumpa mayai yote siku hiyo. Alimwekea moja au mawili asiyoyathamini, akamwacha nayo siku kadhaa. Wako kuku wanaoshikwa na hamu ya kulalia ikawatoka kesho yake, na bibi hakutaka mayai ya mbegu yapoteze maisha yao chini ya kuku wa namna hiyo. Aliyethibitika ndiye aliyepewa mayai kamili, usiku, kwa mwanga wa koroboi, ili alfajiri imkute ameyazoea.

Idadi ilitegemea mwili wa kuku. Kumi na moja, kumi na matatu kwa aliyejaa vizuri. Siku hizi nasikia mtu akisifia kuku aliyewekewa mayai ishirini, na najua kinachofuata: kuku huyasogeza mayai kwa mdomo mara nyingi kwa siku, ya pembeni yaje katikati na ya katikati yaende pembeni, kwa hiyo yasiyoenea chini ya mwili hupokezana baridi. Mwishoni hayatakuwa yamekufa yale ya ziada peke yake. Mengi yatakuwa yameguswa na baridi kila moja kwa zamu yake.

Mayai yenyewe yalikaa kwenye kibuyu chenye mtama, ncha nyembamba ikiangalia chini, mahali penye ubaridi. Yaliyozidi wiki moja hivi yalikwenda sufuriani. Halikuoshwa hata moja, kwa sababu juu ya ganda kuna utando usioonekana unaozuia vijidudu kuingia kwenye vitundu, na yai la kuku lina vitundu kwa maelfu. Yai lenye uchafu lilifutwa kwa kitambaa kikavu, likiwa chafu mno liliachwa. Kisha aligonganisha mawili mawili polepole karibu na sikio, na lenye ufa lilijitaja lenyewe kwa sauti yake.

Si yote yalikuwa mayai ya kuku aliyeyalalia. Mara nyingi yalitoka kwa mtetea mwingine aliyekuwa hodari wa kutaga lakini mvivu wa kulalia, au yalitoka kwa jirani. Mama aliyekuwa na jogoo mkubwa, mrefu wa miguu, aliombwa mayai na nusu ya kijiji, na malipo yake yalikuwa vifaranga. Hapo ndipo bibi alipokuwa mwangalifu kuliko mahali pengine popote. Mayai ya mtu yakifa chini ya kuku wako, unadaiwa maelezo. Aliyawekea alama ya mkaa, msalaba kwa ya jirani na mstari kwa ya nyumbani, na yaliyobaki bila kuanguliwa hakuyatupa. Aliyahifadhi yakapasuliwa mbele ya mwenyewe.

Siku ya saba aliyamulika. Tembe lilikuwa na matundu madogo ukutani ya kupitishia hewa, na jua la asubuhi likipenya moja la matundu hayo lilitoa mshale wa mwanga mkali katikati ya giza. Bibi alilishika yai kwenye ngumi, akaliweka mbele ya mwanga ule, akaliviringisha kidogo. "Njoo mume wangu, uone," aliniita, kwa utani wa bibi na mjukuu. Yai lililo hai lilionyesha doa jeusi na mishipa myembamba ya damu iliyosambaa kutoka kwenye doa hilo, na ukituliza macho uliona doa likicheza. Yai lisilo na mbegu liling'aa lote, jeupe la manjano kama siku lilipotagwa. Hilo aliliondoa. Lilichemshwa, likapondwa, likahifadhiwa kwa ajili ya vifaranga wengine waliokuwa uani. Na kulikuwa na aina ya tatu, yenye duara jekundu jembamba bila mishipa. Uhai ulianza humo, ukaishia hapo. Aliliondoa pia, lakini hilo alilitazama kwa muda mrefu zaidi.

Kutoka hapo mpaka siku ya kumi na nane, kazi ilikuwa ya kuku mwenyewe. Mara moja kwa siku aliinuka, akala haraka, akanywa, akaoga vumbi, akarudi kabla mayai hayajapoa. Kuku mzuri hakutumia zaidi ya dakika ishirini hivi. Bibi alimwekea mtama na maji karibu ili asilazimike kwenda mbali, na aliufunga mlango ili mtetea mwingine asiingie kutaga kwenye kiota hicho mwenye kiota akiwa nje. Hili la mtetea mwingine liliua mayai mengi katika nyumba za watu. Yai lililoongezwa siku ya tano litachelewa kwa siku tano, na siku ya ishirini na moja, vifaranga wakishatoka na mama akiinuka nao, lile litaachwa likiwa hai, na mwenye nyumba atasema ni viza. Alama ya mkaa ilikuwa na kazi hiyo pia. Lisilo na alama lilitolewa siku hiyohiyo.

Kiangazi, upepo wa Singida ukikausha hata mate mdomoni, bibi alinyunyizia maji kidogo kwenye udongo wa ukingoni mwa chungu siku za mwisho mwisho. Yai hupoteza maji kwa siku zote linapolaliwa, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake kabla ya kuanguliwa, na lazima lipoteze, la sivyo chumba cha hewa kwenye ncha nene hakitapanuka na kifaranga atakosa pa kuvuta pumzi yake ya kwanza. Lakini likipoteza mno, ngozi ya ndani ya ganda hukauka ikamganda kifaranga akiwa ameshatoboa. Wataalamu wa mashine leo hupima unyevu kwa asilimia: kati ya 50 na 60 kwa siku kumi na nane za kwanza, kisha hadi 65 na 70. Bibi alipima kwa kidole kwenye udongo.

Mlio wa kwanza ulisikika kutoka ndani ya yai. Kifaranga hutoboa kwanza kuingia kwenye chumba cha hewa, hupumua, hulia, na kuku humjibu kwa sauti ya chini. Kutoka tobo la kwanza la nje hadi kutoka kabisa kunaweza kuchukua nusu siku au zaidi. Sisi watoto tulitamani kumsaidia kwa kumenya ganda. Bibi alitukatalia katakata, na sababu yake niliielewa nilipokuwa mkubwa: mishipa ya damu iliyotandazwa ndani ya ganda inakuwa haijamaliza kurudi mwilini, na kiini hakijamaliza kuingia. Ukimmenya, unamtoa damu.

Sasa nije kwenye mayai yaliyobaki, maana ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kuku akishainuka na wanawe, bibi aliyachukua mayai yasiyoanguliwa akayaweka sikioni moja moja. Yaliyokuwa na shaka aliyatia kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, baada ya kuhakikisha hayana tobo lolote. Maji yakitulia, yai lenye kifaranga hai hutikisika lenyewe, huvuta upande mmoja, hutulia, huvuta tena. Lililotikisika lilifutwa haraka likapelekwa chini ya kuku mwingine anayelalia, na mara kadhaa niliona kifaranga akitoka kwenye yai ambalo nyumba nyingine lingekuwa jalalani. Yasiyotikisika yalipelekwa nyuma ya nyumba, penye shimo la majivu, na pale yalipasuliwa.

Alisimama upande unakotoka upepo. Yai viza likiwa limeshajaa hewa linaweza kupasuka kwa kishindo likakurukia, kwa hiyo alilifunika kwa fungu la nyasi mbichi kabla ya kuligonga. Harufu yake haina haja ya kuelezwa kwa mtu aliyewahi kuinusa. Lakini bibi alitazama, akageuza kwa kijiti, akatutajia. Kama ndani kulikuwa na uji wa kijani au mweusi usio na umbo, uozo uliingia kutoka nje, na swali likawa kiota: kulikuwa na yai lililovunjika likapaka mengine? Nyasi zilikuwa na unyevu? Kuku aliachia kinyesi mle? Chungu kile kilimwagwa udongo wote na kuchomwa moto kabla hakijatumika tena. Kama kulikuwa na kijusi kidogo chenye macho makubwa meusi na hakuna manyoya, kifo kilitokea katikati, na swali likawa kuku: alikaa nje muda mrefu siku fulani? Utitiri ulimzidi akawa anasimamasimama usiku? Bibi alimkamata kuku huyo, akampekua chini ya mbawa, na mara nyingi jibu lilikuwa pale, likitembea. Kama kifaranga alikuwa kamili, ana manyoya na kucha, amelala kichwa kikiangalia ncha nyembamba badala ya nene, bibi alisema, "Huyu alipotea njia." Na ndivyo ilivyo. Anayegeuza kichwa upande usio na chumba cha hewa mara nyingi hufa bila kupata pa kupumulia. Kuku hana kosa hapo, wala mayai hayana kosa, ila likitokea kwa mengi bibi aliwauliza watoto nani aliyeyapanga mayai kiotani na kibuyuni yalikaaje.

Na kama mayai mengi hayakuwa na kitu tangu siku ya saba, jogoo ndiye aliyeitwa kwenye kesi. Ama amezeeka, ama ana mitetea wengi kuliko uwezo wake, ama ni kaka wa wote. Jogoo wa namna hiyo alikwenda mnadani Jumamosi iliyofuata, na bibi alianza kutembelea majirani akiangalia majogoo wao.

Baada ya kupasuliwa yalifukiwa kwenye majivu, kina kirefu. Mbwa akilamba yai mara moja ataanza kuvizia viota.

Naandika haya nikijua kwamba maisha yale yalikuwa na makali. Vifaranga walikufa kwa wingi. Mwewe alishuka, nguchiro akaingia, kicheche akaja usiku, mvua ya kwanza ikawaloanisha, na mara nyingi nusu yao haikufika umri wa kuachana na mama. Kulikuwa na imani pia. Radi ikipiga, ilisemwa imeua mayai, na bibi aliweka kipande cha mkaa kiotani kuyakinga. Siamini kwamba mlio wa radi unaua yai. Naamini kwamba usiku wa radi paa la udongo lilivuja, kuku akashtuka akatoka, na baridi ikafanya kazi yake. Na juu ya yote kulikuwa na ugonjwa wa mdondo. Ulifika kiangazi kikikolea, kuku wakaharisha kijani, shingo zikapinda, na ndani ya wiki uwanja ukawa kimya. Mwaka mmoja uliacha nyumba yetu bila kuku hata mmoja. Bibi alianza upya kwa kuku wa kufuga kwa nusu: jirani alimpa mtetea mmoja, kuku akalalia kwetu, vifaranga wakagawanywa, na mtetea akarudi kwake.

Leo kuna chanjo ya mdondo isiyoharibika haraka kwa joto, inayotengenezwa hapahapa nchini. Tone moja jichoni, inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kama bibi angekuwa nayo! Kila ninapomwona mama wa kijijini amekusanya kuku wake jioni kwa ajili ya tone lile, nafurahi kwa niaba ya marehemu. Sitaki kuurudisha wakati uliokuwa ukiwaua kuku wote kwa wiki moja.

Ninachosikitikia ni kitu kingine. Chanjo ilikuja ikatuwezesha kumlinda kuku wetu, na wakati uleule tukaanza kumwacha. Kuku chotara aina ya Kuroiler aliletwa, asili yake India, na Sasso, asili yake Ufaransa. Wanakua upesi, na mtetea wao anaweza kutaga zaidi ya mayai 150 kwa mwaka, wakati kuku wetu wa asili hutaga 40 au 60 kwa awamu tatu hivi, kwa sababu kila awamu anasimama kulalia na kulea. Hesabu haihitaji mjadala. Lakini kuku wale wanataga sana kwa sababu hamu ya kulalia imeondolewa kwenye damu yao kwa uchaguzi wa vizazi vingi. Kuku anapolalia, homoni ya prolaktini hupanda mwilini na mayai husimama. Mfugaji wa kisasa anataka mayai yasisimame, kwa hiyo anayelalia hapewi nafasi ya kuzaa wanaofanana naye. Na hapa uani kwetu, chotara akizaliana na kuku wa asili bila mpangilio, tunapata kuku ambao hawatagi kama wageni na hawalalii kama wenyeji. Kila msimu mtu anarudi stendi kusubiri boksi.

Mashine zimejaa mijini. Kijana wa mtaani kwetu alinunua ya mayai 528, ya umeme, yenye kipimajoto kinachowaka namba nyekundu: 37.7. Ni kijana mchapakazi na alisoma maelekezo yote. Mwishoni mwa 2023 mgao wa umeme ulipobana, alifunika mashine kwa mablanketi, akaweka chupa za maji ya moto ndani, akakesha. Waliotoka hawakufika hata theluthi. Nilikwenda kumpa pole nikamkuta anabeba trei za mayai yaliyobaki kuyapeleka shimoni, trei juu ya trei.

Nilimuuliza kama ameyapasua. Alinitazama kama mtu aliyesikia lugha ngeni. Mamia ya mayai, Mzee, nayapasua ya nini?

Tulichukua trei moja tukakaa nyuma ya nyumba. Yalikuwa mengi yasiyo na mbegu kabisa, meupe ndani, ambayo umeme haukuyaua kwa sababu hayakuwahi kuwa hai. Aliyemuuzia mayai alikuwa na majogoo wachache mno. Yalikuwepo pia yenye kijusi cha katikati, hayo ni ya usiku wa mgao. Na yalikuwepo ya vifaranga kamili waliogandana na ngozi kavu, na hao hawakuwa wa mgao wala wa jogoo. Bakuli la maji ndani ya mashine lilikuwa dogo kwa chumba chenye bati chini ya jua kali la Singida. Mambo matatu tofauti, yote yalikuwa yameitwa mgao. Muuza mayai angelaumu mashine, muuza mashine angelaumu umeme, na msimu uliofuata kijana angenunua jenereta, akalitia mafuta kwa ajili ya mayai yasiyo na mbegu.

Hapo ndipo ninapoumia. Vifaa tunavyo kuliko alivyokuwa navyo bibi. Kila mtu ana kurunzi ya simu mfukoni, kali kuliko jua la tundu la tembe, inayoweza kuonyesha mishipa ya yai hata siku ya tano. Ni wangapi wanaiwasha mbele ya yai? Elimu ya kulitazama yai lililokufa haikukaa kwenye vifaa. Ilikaa kwa watu waliokuwa na mayai kumi na moja tu, wasioweza kumudu kupoteza mawili bila kujua yamepotelea wapi. Tulipopata mamia, tukaacha kuuliza.

Na kuna la kulea. Kuku wa asili hatoi joto la siku ishirini na moja halafu akaishia hapo. Huwafundisha vifaranga kuparua, huwaita penye mchwa, na mwewe akionekana juu hutoa mlio mmoja mrefu ambao hufanya kila kifaranga aingie chini ya kitu au agande alipo. Kifaranga aliyelelewa kwenye boksi kwa jiko la mkaa hutoka nje akiwa na wiki kadhaa, mnene, mwenye afya, na hajui angani kuna nini. Mwewe wa Iramba anamfahamu kifaranga huyo vizuri sana.

Sisemi watu wauze mashine. Kijana wangu sasa anatotolesha kwa mashine, na usiku ule vifaranga wanapotoka anawapachika kumi kumi chini ya kuku wa asili wanaolalia, akiwaondolea mayai viza waliyokuwa wakiyashikilia kwa ajili hiyo. Alfajiri kuku anaamka na watoto, anawakubali, anawalea. Shida yake ni kuwapata kuku wa kulalia. Alizunguka mtaa mzima akawapata wawili.

Kwa hiyo tulikwenda kijijini, kwa mama mmoja ambaye marehemu mama yake alikuwa akibadilishana mayai na bibi. Ana mtetea wa rangi ya kanga, mfupi, mwenye kishungi, ambaye kila mara hulalia na kutoka na vifaranga karibu wote. Nilimwomba atuuzie. Alikataa kabla sijataja bei. Majogoo tungeweza kuchukua, hata watatu.

"Basi, Mama, atulalie mayai yetu," nilimwambia. "Kijana ameyaleta, yametagwa wiki hii."

Aliyachukua, akayagonganisha sikioni, akayaona hayakuoshwa, akaridhika. Akatutajia masharti: nusu ya vifaranga ni wake, na mtama wa kuku tuulete sisi. Kisha akainua kipande cha mkaa kutoka jikoni, akaanza kutia msalaba kwenye kila yai.

"Siku ya ishirini na mbili mje wote wawili," alisema. "Yatakayobaki sitayatupa, nitayaweka. Tutayapasua hapa, mwone wenyewe, msije mkaenda mjini kusema kuku wangu ndiye aliyeyaua."